Ukarabati wa jikoni katika fleti kuukuu: Seremala aitwe mwisho

WAKAZI wa fleti kuukuu katika mitaa kama Ngara na Parklands jijini Nairobi wanapoamua kubadilisha sura ya jikoni, mtu wa kwanza kuitwa aghalabu huwa seremala. Kumbe yeye ndiye aliyestahili kuja mwisho.

Ufinyu wa chumba haumzuii mtu kupika kwa starehe. Mnamo 1926, msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni chumba cha kupikia chenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alizingatia hatua anazopiga mpishi, akaweka kila kifaa karibu na mkono. Takriban vyumba 10,000 vya aina hiyo vilijengwa.

Funzo lake lingali na manufaa. Chakula hutoka kabatini au katika friji, kikaoshwa, kikakatwa, kisha kikapikwa. Sinki, meza ya kukatia na jiko la gesi vikifuatana kwa utaratibu huo, mpishi hazunguki bure. Njia ya kupitia iwe na upana wa takriban mita moja. Meza yenye kimo cha sentimita 90 huwafaa wengi, lakini mpishi mfupi ataumia mabega. Apimwe yeye kwanza.

Sinki liachwe lilipo iwezekanavyo. Katika jengo la orofa, bomba la majitaka hushuka wima kupitia fleti zote. Kulihamisha sinki mbali nalo huhitaji bomba refu, na likikosa mwinamo wa kutosha huziba upesi. Likivuja, adha humfikia jirani wa chini. Ukuta wa mawe nao usibomolewe kabla ya mhandisi kuthibitisha kuwa haukubeba orofa ya juu. Mpangaji hana budi kupata kwanza idhini ya mwenye nyumba, tena kwa maandishi.

Hatari kubwa zaidi yaweza kuletwa na kabati jipya lenyewe, endapo litaziba matundu ya hewa yaliyo karibu na dari au kuufungia mtungi wa gesi mahali pasipo upenyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, na cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo, palipo na mtungi pawe na matundu chini, na maungio ya mpira yakaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Aidha, wapo wanaorejelea jiko la makaa gesi inapokwisha. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Chumba kilichozibwa matundu hakifai kuwashiwa makaa hata kidogo.

Nyaya za umeme za miaka ya zamani nazo hazikukusudiwa kuhimili birika, mikrowevu na friji kwa pamoja. Fundi wa umeme mwenye leseni azikague kabla ya vigae kubandikwa, la sivyo vitakuja kubomolewa.

Hapo sasa seremala aitwe. Atajenga kabati zifikazo juu bila kuziba matundu, milango ya kuteleza isiyokula nafasi, na meza ya kukunjwa ukutani. Kwa kuwa vipimo vyote vitakuwa tayari, hatalipwa mara mbili kwa kazi moja.