Povu la Zimamoto na Maji ya Kunywa

Kila mwanafunzi wa fizikia anafahamu kwamba mafuta huelea juu ya maji. Kwa hiyo, mafuta ya ndege yaliyomwagika yanaposhika moto, maji matupu hayafai: huzama, nayo mafuta huendelea kuwaka juu yake na kusambaa. Ndiyo sababu vikosi vya zimamoto vya viwanja vya ndege hutumia povu.

Katika miaka ya 1960 maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, ikishirikiana na kampuni ya 3M, ilibuni povu lenye kemikali za kaboni na florini. Kemikali hizo hupunguza mno mvutano wa uso wa maji, hata maji yakaweza kutanda juu ya mafuta kama utando mwembamba na kuuzuia mvuke wake usikutane na hewa. Mwaka 1967 moto uliwaua watu 134 katika manowari ya kubebea ndege, Forrestal. Baada ya msiba huo povu hilo lilienea majeshini, na hatimaye katika viwanja vya raia. Waliolichagua hawastahili lawama, kwani liliokoa maisha.

Lakini kifungo kinachoshikamanisha kaboni na florini ni imara mno. Vijidudu vya udongoni havikivunji, wala mwili wa binadamu. Huko Ronneby, Uswidi, iligunduliwa Desemba 2013 kwamba maji ya bomba ya sehemu ya mji yalikuwa na kemikali hizo kwa wingi. Zilitoka katika kituo cha ndege za kijeshi kilichokuwa jirani, mahali povu lilipomwagwa mazoezini. Msomaji aangalie: mazoezini, si katika ajali. Maji hayo yalipokwisha kukatwa, watafiti walipima damu ya wakazi, wakaona kwamba kemikali moja, PFOS, huchukua kiasi cha miaka 3.4 kupungua nusu. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uswidi iliamua kwamba wingi huo katika damu ni dhara la mwili, hata kama ugonjwa haujajitokeza.

Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, uliiwekea PFOS mipaka mwaka 2009. Hata hivyo, nchini Marekani kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa kizuizi. Kwa miaka mingi viwanja vikubwa vililazimika kutumia povu lililofikia vipimo vya jeshi, na vipimo hivyo havikuweza kufikiwa pasipo florini. Sheria ya mwaka 2018 iliagiza sharti hilo liondolewe katika muda wa miaka mitatu. Vipimo vipya vya jeshi vilitolewa Januari 2023. Wakati huo Heathrow, London, ulikuwa umekwisha kuacha florini, kwani vipimo vya kimataifa vya usafiri wa anga huuliza moto umezimwa kwa muda gani, si povu lina nini ndani yake. Kwa maoni yangu, huo ndio mtindo bora wa kutunga kanuni.

Povu jipya halifanyi utando. Hulifunika moto kama blanketi, hivyo hapana budi wazimamoto wafunzwe upya namna ya kulirusha. Kadhalika, kemikali za zamani hung'ang'ania ndani ya matangi na mipira ya magari, zikalichafua povu jipya. Matangi huoshwa mara kadhaa, na maji ya kuoshea nayo huwa taka ya hatari isiyofaa kumwagwa mferejini.