Tela la betri: mtaji unaokaa uani

Mfanyabiashara wa Kiwalani anayetaka kuagiza gari la umeme lililotumika kutoka Japani hujiuliza swali moja kabla ya bei: litafika wapi? Kwa safari za Kariakoo na kurudi halina shida. Shida huanza mzigo unapofuatwa Morogoro, umbali wa kilomita 190 hivi.

Nissan Leaf ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24. Ikiwa mpya, vipimo vya Marekani viliipa kilomita 117. Betri iliyochoka hadi asilimia 80 hubakiwa na kilomita 94 hivi. Hata Chalinze haifiki.

Dawa mojawapo inayotajwa ni kuvuta tela lenye betri ya ziada. Kampuni ya EP Tender ya Ufaransa ilibuni tela dogo la aina hiyo, kwa nia ya kulikodisha kwa wasafiri badala ya kuwauzia. Sababu inaonekana kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe

Chukua tela la uniti 24. Ukijumlisha na uniti 19 zilizobaki garini unapata 43, yaani kilomita 210 hivi. Lakini tela lina uzito na linakinza upepo. Matumizi yakipanda kwa moja ya tano tu, zinabaki kilomita 175. Gari linazima kabla ya Morogoro mjini. Isitoshe, Nissan haikuidhinisha Leaf hiyo kuvuta tela.

Kwa upande wa fedha, wastani wa bei ya betri duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa uniti. Betri ya tela peke yake ni dola 2,760, au Sh. milioni 6.9 kwa kiwango cha Sh. 2,500 kwa dola, kabla ya magurudumu, nyaya, usafirishaji na ushuru. Mwenye safari mbili za siku moja kwa mwezi atakuwa ameacha mtaji huo uani siku 28 kati ya 30.

Betri inayozunguka

Biashara ya pikipiki imepata njia nyingine. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kubadilishia madereva betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kazi ya dakika chache. Betri moja huhudumia madereva wengi na haikai bure. Njia hiyo ndiyo inayomfaa dereva wa bodaboda au bajaji, ambaye tajiri anangoja hesabu yake kila jioni na hawezi kukaa saa kadhaa akisubiri chaji.

Kwa mnunuzi wa gari, lililo la busara ni kuhesabu vipande 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi ya Leaf kabla ya kulipa, kulitumia gari mjini, na kukodi la mafuta siku ya Morogoro. Tela likija, nalo likodiwe.