Ngoma kuukuu ya ukoo: Bei yake hupimwaje?

MNUNUZI wa vitu vya kale anapobisha hodi katika boma mjini Kimilili na kutaja bei ya ngoma iliyoning'inia ukutani kwa miongo kadhaa, aghalabu mwenyeji hana kipimo cha kumwonyesha iwapo anapunjwa. Sokoni hakuna mizani ya ngoma kuukuu. Hata hivyo, yapo maswali ambayo wajuzi huuliza kabla ya kutoa senti.

La kwanza ni aina. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia husifika zaidi kwa litungu, ala ya nyuzi, na chinyimba, kengele ambazo mvulana hupiga anapoalika jamaa kwenye tohara yake, Agosti ya miaka shufwa. Isukuti, ngoma nyembamba ipigwayo kwa viganja, asili yake ni Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Anayeinadi isukuti kama ngoma ya kale ya Wabukusu humpa mnunuzi mjuzi sababu ya kushusha bei papo hapo.

Isukuti hupigwa zikiwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Familia iliyo na zote tatu ikiuza moja, mbili zinazobaki hupungukiwa thamani. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kilichoorodheshwa ni uchezaji wenyewe, si kila gogo lenye ngozi, kwa hivyo dalali anayelitumia jina la shirika hilo kupandisha bei anauza upepo.

Huja kisha hali ya mzinga, yaani gogo lililochongwa likawa tupu ndani. Ufa unaofuata urefu wa mti huua sauti na bei kwa pamoja. Matundu ya wadudu yenye unga mbichi ni ishara kwamba mdudu angali kazini. Ndani ya ngoma ndiko kwa kutazamwa zaidi. Mfanyabiashara mjanja anaweza kuifukiza ngoma mpya moshi hadi ikaiva rangi kwa nje, lakini mbao za ndani hubaki nyeupe. Ngoma iliyopigwa kweli imelainika pale mkanda ulipokwaruza na pale mkono ulipoegemea, wala haikuchakaa sawasawa pande zote.

Ngozi nayo huleta kitendawili. Anayetaka kuipiga ngoma atafurahia iliyowambwa upya. Anayetaka kuihifadhi huitaka ile ile ya kale, hata kama imepasuka. Kwa hivyo, kuitengeneza ngoma kabla ya kumjua mnunuzi ni kucheza bahati nasibu. Kwa mpigaji, bei haipaswi kushuka mno chini ya gharama ya kuchongesha nyingine ya ukubwa huo, hasa ikiwa bado hukodishwa harusini na matangani.

Kwa mhifadhi, jambo kuu ni historia: nani aliichonga, ilipigwa wapi, ipo picha? Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, imo katika hifadhi ya British Museum jijini London tangu 1908. Wapokomo wanaoidai hawajali bei ya mti wala ngozi yake. Ngoma ya Kimilili haitafika huko, lakini yenye jina la mchongaji na mwaka itaipita isiyo na maelezo, hata zikifanana kama pacha.

Sheria pia imo. Kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1895, mwaka ambao Wabukusu walipigana na Waingereza Chetambe, huhesabiwa kuwa cha kale chini ya sheria ya makavazi na turathi ya 2006, na hakitolewi nchini bila kibali. Makavazi ya Kitale yako karibu kwa anayetaka kuulizia aina na umri, ingawa kutaja bei si kazi yao.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye ngozi. Isukuti za jadi zimewambwa ngozi ya kenge, na sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumiliki wala kuuza kiungo cha mnyamapori bila idhini ya KWS. Biashara ya kenge kuvuka mipaka pia inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Idhini hiyo hutafutwa kabla ya bei kukubaliwa, wala si baada ya ngoma kupakiwa garini.