Je, Wajua? Jino Bovu Halingojei Koleo

Je, wajua kwamba kekee iliingia mdomoni kabla watu hawajajua kufua chuma? Huko Mehrgarh, Pakistan, wachimbuaji walikuta magego yaliyotobolewa kwa ncha ya jiwe, miaka 7,500 hadi 9,000 iliyopita. Kingo za matundu zimelainika kwa kutafuna, maana yake wenyewe walipona wakaendelea kula. Ganzi ya sindano ilikuja karne ya 19. Pole yao.

Je, wajua kwamba ziba ya kale iliyopatikana Lonche, Slovenia, ni nta ya nyuki? Imepakwa kwenye jino la chonge lililopasuka, yapata miaka 6,500 iliyopita.

Je, wajua kwamba amalgamu, ile ziba ya rangi ya fedha, karibu nusu yake ni zebaki? Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Katika miaka ya 1840, chama cha madaktari wa meno Marekani kiliwataka wanachama watie saini kuikataa. Ugomvi ukakua hadi chama chenyewe kikavunjika mwaka 1856, amalgamu ikabaki. Sasa ndiyo inaaga: Umoja wa Ulaya uliizuia tangu Januari 1, 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hapana budi, na nchi za Mkataba wa Minamata zimekubaliana ikome ifikapo 2034. Aliye nayo na haimsumbui asikimbilie kuitoa. Kuichokonoa huongeza mvuke wa zebaki.

Je, wajua kwamba njia ya kuziba jino bila umeme ilianzia Tanzania? Hili lingestahili kufundishwa shuleni. Katikati ya miaka ya 1980, walimu wa udaktari wa meno Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikabili tatizo la vijijini: mashine hakuna, umeme hakuna, kwa hiyo kila jino lililotoboka hung'olewa. Wakaamua kutumia vifaa vya mkono tu. Sehemu iliyooza na kulainika hukwanguliwa kwa kijiko kidogo chenye makali, kisha tundu hujazwa. Mgonjwa anaweza kulazwa hata juu ya meza ya darasani, na mara nyingi hahitaji sindano.

Baadaye njia hiyo ikapata mwenzi wake: saruji ya unga wa kioo, glasi ionoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent. Hushika jino yenyewe na kutoa floridi polepole. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Je, wajua kwamba ule mwanga wa buluu wa kliniki ya meno haukaushi kitu? Huamsha kemikali ndani ya ziba nyeupe, nayo ikawa ngumu kwa sekunde chache tu.

Je, wajua kwamba jino linalokuamsha usiku bila kuguswa kwa kawaida limeshapita hatua ya kuzibwa tu? Uozo umefika kwenye kiini chenye neva. Hapo ni kusafisha mzizi au kung'oa.

Na je, wajua kwamba ukitafuna foili kwenye ziba ya amalgamu utapigwa shoti? Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya mate, umeme huzalishwa. Hakuna anayelijaribu mara ya pili.