Mwenyeji Aliyeitwa Mgeni

Ukiwauliza wapenzi wa kandanda hapa shuleni Ryan Giggs ni mtu wa wapi, wengi watakujibu haraka, "Mwingereza!" La hasha! Giggs alizaliwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, na timu ya taifa aliyoichezea ni ya Wales. Basi watu hawa ni kina nani, na jina lao lina maana gani?

Wales ni nchi ndogo inayopakana na Uingereza upande wa magharibi. Mababu wa watu wake waliishi katika kisiwa kile hata kabla ya Warumi kukivamia mwaka wa 43. Kuanzia karne ya 5, Waanglia na Wasaksoni walivuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark, wakatwaa ardhi ya mashariki. Wageni hao wakamwita mwenyeji "wealh", yaani mgeni. Ati mgeni! Baadaye neno hilo lilimaanisha hata mtumwa. Hapo ndipo lilipotoka jina "Welsh". Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe huko mgeni alikuja, mwenyeji akageuzwa mgeni kwao.

Lakini wao wenyewe hujiita Cymry, litamkwalo karibu kama "kamri". Ni neno la kale lenye maana ya watu wa nchi moja. Mimi ningelifasiri "wenzetu". Nchi yao ni Cymru na lugha yao Cymraeg.

Lugha hiyo imeona mengi. Katika karne ya 19, baadhi ya shule za huko zilikuwa na kibao kilichoandikwa W.N. Mtoto aliyesikika akisema Cymraeg alivishwa shingoni, akakivaa hadi mwenzake ateleze ulimi naye ampokeze. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Ngugi wa Thiong'o ameeleza adhabu kama hiyo katika shule za Kenya ya ukoloni.

Hata hivyo Cymraeg haikufa. Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa tangu 1588, na watu waliisoma makanisani na nyumbani. Mwaka wa 2011 sheria iliitambua kuwa lugha rasmi ya Wales, na sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000 nchini humo.

Kiswahili chetu nacho hupenda kuwaita wote "Waingereza". Ndugu zangu, tukikutana na mtu wa Wales, tumwulize kwanza yeye hujiitaje.