Kasha Jipya Lina Kiu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakupeleka Mafiga, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa fundi seremala mmoja. Mteja alimwagiza kabati dogo la kuhifadhia biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Fundi alilitengeneza vizuri, na mlango wake ulifunga barabara. Baada ya wiki tatu mteja alirudi amenuna: biri zake zimekauka, ukizishika zinapukutika. Mteja akamlaumu fundi, fundi naye akailaumu tumbaku. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiwasikiliza, na kwa maoni yangu wote wawili walikosea. Lile kasha lilikuwa na kiu.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba simshawishi mtu yeyote kuvuta. Madhara ya tumbaku yanajulikana. Ninachotaka kueleza ni habari ya unyevu, kwa sababu hasara ya kutoujua haiishii kwenye biri. Inafika hadi jikoni kwetu.

Ubao unaosifiwa sana kwa makasha ya namna hii ni wa mti uitwao sedrela, ambao asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Wengi hudhani ni lazima utoke ng'ambo. Kumbe mti huo uliletwa zamani na kupandwa katika msitu wa Kimboza, huku huku kwenye vilima vya Uluguru, na sasa umezagaa kiasi cha kuisonga miti ya asili. Lakini ubao mzuri peke yake hautoshi. Figa moja haliinjiki chungu.

Ubao mkavu hunywa unyevu ulio katika hewa ya ndani ya kasha. Hewa hiyo ikikauka, nayo huuchukua unyevu wa majani. Kwa hiyo, mnyweshe mwenyeji kabla ya kumletea wageni. Futa vumbi, weka ndani kibakuli chenye sifongo iliyoloweshwa kwa maji safi yaliyotokana na mvuke, kisha funga kwa wiki moja au mbili. Usiumwagie ubao maji, maana utapinda. Wala usipake vanishi upande wa ndani, kwani utakuwa umeuziba mdomo.

Kiasi kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Asilimia 100 ni hewa iliyoshiba kabisa, isiyoweza kubeba mvuke zaidi. Hapa ndipo tunapopotea kwa kufuata maelekezo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani bila kuyapima. Kule, majira ya baridi, nyumba hupashwa moto na hewa yake hukauka, hivyo kila mara wanahimizana kuongeza maji. Lakini Morogoro wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya Bahari ya Hindi inapogonga Uluguru, hata nguo kwenye kamba hazikauki. Anayeongeza maji katika kasha lake siku hizo anapanda ukungu. Wakati huo ondoa kibakuli, na ulifungue kasha kidogo saa za mchana jua linapowaka. Kiangazi kikirudi, rudisha maji. Aidha, liweke mbali na joto la bati, maana joto huangua mayai ya kidudu kinachotoboa tumbaku.

Je, utajuaje kiasi cha unyevu? Kuna kipimo kiitwacho haigrometa, lakini vingi vya bei rahisi husema uongo. Shahidi wa kukikagua yuko jikoni. Tia chumvi katika kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha uifungie pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa. Kesho yake kipimo kisome asilimia 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza 5. Hiyo ni tabia ya chumvi: hewa ikizidi kiasi cha asilimia 75 chumvi huanza kulowa, na ikipungua hubaki kavu.

Nilipofika hapo fundi alinyamaza, akaangalia pembeni. Kulikuwa na magunia mawili ya mahindi aliyoletewa kutoka shambani, yameegemea ukuta. Akaniuliza, "Na haya, mzee wangu?"

Tukatafuta chupa kavu. Tulitia mahindi hadi theluthi yake, tukaongeza vijiko vidogo vitatu vya chumvi kavu, tukatikisa, tukasubiri robo saa. Chumvi iliganda kwenye kuta za chupa. Maana yake ni kwamba unyevu wa mahindi yale ulizidi asilimia 15. Hata kama isingeganda, bado yangehitaji kuanikwa hadi kufikia asilimia 13 hivi ndipo yawekwe ghalani.

Ndugu msikilizaji, biri zikiota ukungu hutupwa. Mahindi yakiota ukungu yanaweza kuingia sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu pia, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliokula ugali ule hawakuwa wazembe. Walikosa tu habari ya kitu kisichoonekana kwa macho.

Mteja aliondoka na kabati lake na kibakuli cha sifongo. Fundi alikunjua turubai juani, akaanza kumwaga gunia la kwanza. Nawe, kabla ya kushona gunia lako, mwulize kwanza shahidi wa jikoni.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa.