Kutoka Kinjeketile hadi Willy Gamba: Njia za Kukifikia Kitabu Unachokipenda

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania amekutana na fasihi ya Kiswahili kupitia orodha fupi ya vitabu teule. Katika riwaya alisoma Takadini, Joka la Mdimu au Watoto wa Mama N'tilie. Katika tamthilia, Ngoswe, Orodha au Kilio Chetu. Katika ushairi, Wasakatonge na Malenga Wapya. Ni vitabu vizuri, ila vilisomwa kwa ajili ya mtihani. Anayemaliza shule Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, huondoka akijua kutaja dhamira, wahusika na tamathali za semi. Mara nyingi hajui kwamba lugha hiyohiyo ina wapelelezi wavuta kiko, majasusi wa vita vya ukombozi, masimulizi ya safari ya Siberia na wasifu wa malkia wa taarabu. Wengi huishia kusema kwamba hawapendi kusoma, ilhali wasichokipenda ni vitabu vitano au sita tu walivyopangiwa.

Walimu hugawa fasihi andishi katika tanzu tatu: riwaya na hadithi fupi, tamthilia, na ushairi. Mgawanyo huo unamfaa mwalimu kuliko msomaji, kwa kuwa msomaji haingii maktaba akitafuta utanzu. Anatafuta vita, mapenzi, siri, safari, vichekesho, au maisha ya mtu fulani, na jambo moja kati ya hayo linaweza kuwa limeandikwa katika tanzu zote tatu na nje yake pia. Kwa sababu hiyo, njia rahisi ya kuvuka kutoka aina moja ya vitabu kwenda nyingine ni kushika jambo moja na kulifuata popote lilipoandikwa.

Songea ina mfano wake mkubwa. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, vikafika Ungoni, na kufikia 1907 Wajerumani walikuwa wamevizima kwa risasi na kwa njaa. Machifu na manduna wa Wangoni walinyongwa Songea mwaka 1906, akiwemo Songea Mbano ambaye mji una jina lake. Makumbusho ya Majimaji yaliyopo mjini huwakumbuka kila Februari. Mtu aliyekulia karibu na makumbusho hayo amekwisha kupata mlango wa kuingilia, na nyuma ya mlango huo kuna vitabu vya aina nne au tano.

Cha kwanza ni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Hussein hakukusudia kuandika historia. Alieleza mwenyewe kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni aliyejengwa juu ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, na kilichomvutia ni swali la nguvu ya neno: mtu anayewapa wenzake imani anafanya nini imani hiyo inapomponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye? Anayependa mabishano ya watu wawili wenye hoja zinazolingana uzito ataisoma kwa jioni moja, na asiyependa tamthilia anashauriwa aisome kwa sauti pamoja na mwenzake, kwa maana mchezo unaosomwa kimoyomoyo hupoteza nusu ya utamu wake.

Cha pili ni utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa pwani ya kusini, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, ukachapishwa mwaka 1933 na tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapa vita vinaonekana kwa jicho jingine kabisa. Mshairi aliishi katika zama zilezile na hakuwa na sababu ya kuwatukuza wapiganaji kama walivyotukuzwa baada ya Uhuru. Msomaji akitoka kwa Hussein akaenda kwa Jamaliddini, atashangaa kuona tukio lile lile linaweza kubeba hukumu mbili zinazopingana. Mshangao huo, pengine, ndio unaomfanya mtu awe msomaji.

Baada ya hapo huja historia yenyewe. Mwaka 1967 G. C. K. Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na mwaka uliofuata wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikusanya ushuhuda wa wazee katika maeneo yaliyopigana. Kwa upande wa Wangoni yupo Padre Elzear Ebner, mmisionari Mbenediktini, ambaye historia yake ya Wangoni ilitolewa mwaka 1987 na wachapishaji wa Ndanda-Peramiho. Vitabu hivi viko kwa Kiingereza, jambo linalowafungia nje wasomaji wengi wa Songea ambao habari hizo ni za babu zao. Anayekisoma Kiingereza kwa taabu anaweza kuanza na tamthilia na utenzi, kisha aje kwenye historia akiwa tayari anayajua majina na mahali. Hapo ugumu wa lugha hupungua sana.

Ladha ya pili, na huenda ndiyo yenye wafuasi wengi, ni ya siri na upelelezi. Baba yake katika Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki wa kumsindikiza, Najum. Aliyewahi kusoma visa vya Sherlock Holmes atawatambua mara moja. Lakini mauaji yanatokea katika mashamba ya Unguja, miongoni mwa watu wanaoamini mizimu na wenye siri za ukoo na urithi, na lugha ni ya Kiunguja iliyokolea. Bwana Msa alirudi katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Ni vema kuvisoma kwa mpangilio wa kutoka kwake, maana mwandishi aliendelea kukomaa.

Bara ikapata shujaa wa aina nyingine. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi na Njama. Gamba ni jasusi, si mpelelezi. Anapigana na njama za wakoloni na makaburu dhidi ya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Ruvuma, mkoa wa Songea, habari hizo si za mbali. Mkoa unapakana na Msumbiji, na vita vya FRELIMO vya kuanzia 1964 hadi 1974 vilipiganwa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Baadaye Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango, na Hussein Tuwa akaendeleza mwendo wa haraka katika riwaya kama Mkimbizi na Mfadhili, hii ya pili ikaingia hadi kwenye orodha ya kidato cha tano na sita. Wahakiki waliziita riwaya hizi pendwa, mara nyingi kwa dharau kidogo. Dharau hiyo haikuwa na msingi. Ndizo zilizowafundisha maelfu ya watu kumaliza kitabu.

Msomaji aliyezoea mwendo wa Musiba akikabidhiwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi atakirudisha kitabu baada ya kurasa tatu, na hatalaumiwa. Panahitajika daraja. Adam Shafi anafaa sana: Kuli, ya mwaka 1979, inasimulia maisha ya mchukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wa makuli wa mwaka 1948, nayo ina watu wabaya na wema wanaoonekana wazi. Vuta N'kuvute, ya 1999, ina mapenzi ya Yasmin na Denge yaliyochanganyika na siasa za kupinga ukoloni. Amil Shivji aliifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021, na asiyeamini vitabu anaweza kuanza na filamu. Kutoka kwa Shafi ni hatua fupi kwenda Utengano ya Said Ahmed Mohamed, halafu Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume yaliyokuwa yakinong'onwa. Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo vifuate. Nagona na Mzingile ni vya mwisho, vya mtu asiyejali tena kama kisa kina mwanzo na mwisho.

Wapo wasioweza kusoma jambo la kubuni hata kidogo, wanataka lililotokea. Hao wana hazina ambayo shule huigusa kwa nadra. Shaaban Robert, anayejulikana zaidi kwa Kusadikika, aliandika pia Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke wa Zanzibar aliyetoka katika umaskini hadi sauti yake ikarekodiwa katika santuri Bombay, na aliandika maisha yake mwenyewe. Ali Hassan Mwinyi naye alitoa ya kwake, Mzee Rukhsa, mwaka 2021. Kongwe kuliko vyote ni Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, ambamo Salim bin Abakari anasimulia alivyofuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Macho ya Mswahili yanaitazama Ulaya na kuieleza kwa wenzake waliobaki pwani. Ni vigumu kukipata, lakini kinastahili kutafutwa.

Vitabu vya tafsiri ni njia nyingine ya kuvuka. Julius Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi vya Shakespeare. Shamba la Wanyama la George Orwell lipo tangu miaka ya 1960. Shujaa Okonkwo ndiye Okonkwo wa Chinua Achebe. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ilitolewa kwa jina la Peponi mwaka 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kisa kimoja ni cha pekee. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, akakosa mchapishaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mzee sana. Alifariki mwaka 1981. Ni ndefu na haina haraka. Anayependa habari za kilimo, ndoa, ugonjwa na uvuvi wa zamani hatakuta nyingine mfano wake.

Ushairi huachwa mwisho kwa kuwa wengi waliuchukia walipohesabishwa mizani. Atakayetaka kuupatanisha na nafsi yake aanze na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika akiwa kifungoni Kenya, ambayo yanafuata kanuni zote na bado yanauma.

Kuvipata vitabu hivi kunahitaji ujanja kidogo. Katika maktaba za umma zinazotumia mpangilio wa Dewey, fasihi ya Kiswahili huwa na namba 896.392, historia na wasifu huwa katika 900, na ngano za jadi ziko 398, mbali kabisa na riwaya. Mpenzi wa hadithi za sungura na fisi anaweza kuzikosa kwa miaka kwa sababu tu anatazama rafu isiyo yake. Kurasa za mwisho za kitabu kilichopendeza nazo zisirukwe: Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na wachapishaji wengine huorodhesha hapo vitabu vyao vingine. Tuzo ni mwongozo mzuri wa waandishi wapya. Tuzo iliyokuwa ikiitwa Mabati-Cornell imewatoa watu kama Anna Manyanza, Mohamed Ghassani, Dotto Rangimoto na Zainab Alwi Baharoon. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023.

Kwa anayeishi Songea, Peramiho iko kiasi cha kilomita 25 tu, na wamonaki wa huko wamechapa vitabu kwa miongo mingi. Vingi ni vya dini, lakini pia vimo vya lugha, malezi na historia. Maduka ya mjini huuza zaidi vitabu vya shule, kwa hiyo kitabu kingine huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, na kusafirishwa kwa basi. Ni nafuu watu watatu au wanne kuagiza pamoja na kubadilishana. Kwenye simu, hadithi za mfululizo hutumwa kwa WhatsApp sehemu baada ya sehemu kama zilivyokuwa zikitoka kwenye magazeti, na ubora wake hutofautiana mno.

Riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980 ndizo ngumu zaidi kupatikana. Nyingi zilitolewa na wachapishaji wadogo, nyingine na waandishi wenyewe, kwa karatasi duni na nakala chache, na hazikuchapwa tena. Zilizobaki ziko kwenye meza za wauza vitabu vilivyotumika na katika masanduku ya watu waliokuwa vijana wakati huo, na anayezitaka hana budi kuuliza nyumba kwa nyumba.